Picha enzi za makhalifa: haramu kweli, au kila mtu anasoma upande wake?

Huu mjadala hauishi. Mtu akirusha mchoro wa kale wa Baghdad, wenye watu na ngamia na misikiti, dakika mbili komenti zimejaa, huku wanasema Uislamu umeharamisha picha na waliochora ni wapotofu, kule wanajibu hakuna haramu yoyote, hayo yamekuja juzi na Mawahabi. Wote naona wana haraka, na hawa wa pili ndo wanaonishangaza zaidi maana wanajiona wasomi.

Tuanze na wanaosema haramu, kwasababu hoja yao ni nzito na watu wanaidharau bure. Hadithi zipo, ziko Bukhari na Muslim. Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukia, likakatwa likawa mito ya kuegemea. Kuna ya Ibn Abbas alipojiwa na mtu ambaye kazi yake ni kuchora, akamwambia kama huna budi basi chora miti na visivyo na roho. Halafu yupo Imam Nawawi, huyu huyu wa Arobaini na Riyadh as-Salihin tuliyosomeshwa chuoni, kafariki 1277, kwenye sherehe yake ya Sahih Muslim anasema kuchora chenye roho ni haramu vikali, na hajali umechora wapi, iwe nguo, busati, dirhamu, dinari, fulusi, chombo au ukuta. Sasa Muhammad bin Abdulwahhab, ambaye Mawahabi wanaitwa kwa jina lake, kazaliwa 1703. Ukisema haya mambo yameletwa na Mawahabi, Nawawi utamweka wapi?

Lakini hebu irudie hiyo orodha taratibu. Kwanini fakihi ahangaike kutaja busati, sarafu, chombo na ukuta kimoja kimoja? Kwasababu vilikuwepo bana, anavitaja kama mtu anayevijua vizuri. Karne moja kabla yake masultani wa ukoo wa Artuq huko Diyarbakir na Mardin, Uturuki ya leo, walikuwa wanapiga pesa za shaba zenye sura za watu, na ni Waislamu. Mosul mafundi walikuwa wanatia fedha kwenye vyombo vya shaba, kuna birika moja la mwaka 1232 liko British Museum, London, fundi kaandika jina lake, Shuja bin Mana, limezungushiwa wapanda farasi, wawindaji, mpaka mwanamke anajitazama kwenye kioo na kijakazi kamsimamia pembeni.

Na ule mchoro wa Baghdad wanaougombania wenyewe unatoka kwa Yahya al-Wasiti, mtu wa Wasit Iraq, aliyenakili Maqamat ya Hariri, kitabu cha visa vya mjanja Abu Zayd al-Saruji, na kuichora kwa mkono wake akamaliza 1237, kitabu sasa kiko Paris. Nawawi wakati huo ni mtoto wa miaka minne hivi huko Nawa, jirani na Damascus. Michoro yake 99, na ukiiangalia hakuna ikulu peke yake humo, kuna imamu juu ya mimbari, maktaba vitabu vimelazwa kwenye mashubaka, msafara wa hija na ngoma na bendera, na kile kijiji chenye msikiti na mnara wake, mbuzi wanazurura, mwanamke anasokota uzi, kuku wako juu ya paa. Mi hicho kijiji nikikiona huwa nasahau kama nilikuja kutafuta dalili.

Jibu linalotolewa hapa siku zote ni kwamba hizo zilikuwa starehe za watawala mafasiki. Kwa sehemu ni kweli, Qusayr Amra kule jangwani Jordan ni hamamu la kifalme, kuta zake zina wanawake wasio na nguo, na anayehusishwa nalo ni Walid bin Yazid, aliyeuawa 744, mtu ambaye vitabu vya historia vimejaa habari za ulevi wake. Ila huwezi kuwabebesha mafasiki kila kitu. Kitabu cha Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa kale, cha madawa kilinakiliwa kwa Kiarabu 1229 kikiwa na picha za mimea na za watu pia. Al-Jazari alipoandika kitabu chake cha mitambo kama 1206 alichora mashine zenye sanamu za watu wanaomwaga maji. Hao ni watu wa elimu, na picha ilikuwa sehemu ya kufundisha.

Hapo wa haramu wana jibu moja ambalo silioni njia ya kulipangua: watu kufanya jambo si dalili kuwa ni halali. Riba nayo ililiwa enzi hizo na hakuna anayesema basi ilikuwa halali. Sawa kabisa. Kwahiyo birika la Mosul halikupi fatwa, linakupa habari tu ya jinsi watu walivyoishi, na anayetaka fatwa inabidi aingie kwa mafakihi. Tatizo ni kwamba hata huko kulikuwa na khilafu, yaani kutokubaliana, Nawawi mwenyewe ananukuu kwamba wapo wa kale waliokataza chenye kivuli tu, yaani sanamu, wakaacha cha bapa. Yeye anaiita rai hiyo batili. Sawa, ni haki yake, ila kaitaja, maana yake ilikuwepo.

Ninachokiona mimi ni kwamba mstari wenyewe, kwenye maisha, ulipita zaidi kwenye mahali kuliko kwenye kitu. Msikiti wa Damascus, uliojengwa kati ya 706 na 715, umejaa mozeki za mito, miti na majumba, watu hakuna hata mmoja. Nenda kwenye jumba la Mshatta huko Jordan, ukuta wake wa mbele sasa uko Berlin, upande wa kushoto wa lango umechongwa simba na ndege katikati ya mizabibu, upande wa kulia mizabibu inaendelea ila wanyama hawapo, na nyuma ya upande huo ndo kulikuwa na msikiti. Hawa ni Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa Damascus, wale wale tunaoambiwa hawakujali dini! Walijua kabisa wapi unatia simba na wapi hutii. Na misahafu haikuchorwa chenye roho, Baghdad wala Cordoba.

Tabriz, huko Uajemi, ilikwenda mbali zaidi. Waziri Rashid al-Din, aliyeuawa 1318, kwenye historia yake kubwa iliyonakiliwa mwaka 1314 amechorwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Sitaitetea hiyo, na huko huko Uajemi baadaye wachoraji walianza kuufunika uso kwa shela, ishara kwamba hata wao nafsi zao hazikutulia.

Ila kitu ambacho ningependa pande zote mbili wakione ni nakala nyingine ya Maqamat, iko St. Petersburg, ya miaka ile ile ya Wasiti. Mtu kaichukua akapiga mstari mweusi shingoni kwa kila aliyechorwa, mmoja baada ya mwingine, ukurasa kwa ukurasa. Sio uharibifu wa kijinga huo, ni fiqhi. Iko hadithi kwa Abu Daud kwamba Jibril alimwambia Mtume picha ikatwe kichwa iwe kama mti. Kwahiyo jamaa kawakata vichwa kwa kalamu, wakawa hawana roho, na kitabu akabaki nacho. Hakukichoma wala hakuzichana kurasa. Alimsikiliza fakihi na hadithi za Abu Zayd al-Saruji bado akawa anazisoma na picha zake.

Kama hukumu ya Nawawi inaifikia kamera ya simu, hilo wanalo masheikh, na hawajakubaliana, wapo wanaosema ni kivuli kimezuiwa tu kama kwenye kioo, wapo wanaoharamisha mpaka leo, na darsa zao za kuharamisha unazipata YouTube, kwa video.