Nimelipia Saa Mbili za Petras

Bili ya fundi bomba imefika leo. Dola 280 za kazi ya saa mbili, juu yake vifaa, juu yake kodi, juu yake kitu wanachokiita gharama ya safari, utadhani jamaa alitokea Kigoma. Mama Neema ameisoma, akaiweka mezani, akanitazama bila kusema neno. Nikaisoma upya nikitafuta mstari wa mjadala wa kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu ya chuo. Haupo. Wameumezea humo humo kwenye saa mbili.

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina familia, nina nyumba ya mkopo, nabeba boksi hapa Iowa City kwa heshima zangu zote na sidaiwi na mtu isipokuwa benki. Sina ugomvi na Spencer Petras, kwotabeki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Ni kijana wa watu kutoka California, mrefu wa kuinamia milango, kazi yake kurusha mpira. Siku nyingine unamfikia mwenzake, siku nyingine unamfikia adui. Riziki. Lakini tangu msimu huu wa 2022 uanze Septemba, katika mji huu huwezi kununua hata maziwa bila kuulizwa: je, kocha amwache Petras acheze au amkalishe benchi?

Dada wa kaunta dukani ameniuliza. Mwalimu wa Neema ameniuliza, kwenye kikao nilichoitiwa kuhusu hesabu. Kwenye foleni ya dawa kuna bibi amenishika mkono akaniambia, "Siyo kosa lake, mstari wa mbele haumlindi," halafu akaenda zake na dawa zake za presha.

Ukweli ni kwamba jimbo zima la Iowa halina timu hata moja kwenye ligi kuu ya kulipwa ya mpira wao huu. Kwa hiyo mapenzi yote yameangukia wanachuo. Mji una watu kama 75,000 na Uwanja wa Kinnick unakaa 69,000 na ushee. Jumamosi ya mechi majirani wanageuza majani ya mbele ya nyumba kuwa maegesho ya kulipia, na wewe uliyetoka kazini unazunguka mitaa kwa kilomita kumi kwenda kulala kwako mwenyewe.

Na timu yenyewe basi! Mechi ya kwanza walicheza na South Dakota State wakashinda 7–3. Unasikia saba unadhani walivuka mstari wakafunga tachidauni, wakaongeza na ile pointi moja ya teke. Wapi! Teke moja la kupitisha mpira kwenye nguzo, pointi tatu. Zilizobaki zilitafutwa na walinzi, waliomwangusha mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe mara mbili, kila mara pointi mbili. Mashambulizi hayakufunga tachidauni hata ya dawa. Wakaja Iowa State wakawapiga 10–7. Wakaenda kwa Illinois wakafungwa 9–6, mechi nzima hakuna aliyevuka mstari, watu wazima wamelipa tiketi kuangalia mateke. Mchezaji anayependwa kuliko wote ni Tory Taylor, Mwaustralia wa Melbourne, ambaye kazi yake ni kuupiga mpira uende mbali pale wenzake wanapokwama. Wamemchapishia hadi fulana. Timu ambayo shujaa wake ni mtu wa kusalimu amri vizuri!

Mimi nimekulia Temeke, kwenye Simba na Yanga. Kocha akipoteza mechi mbili anaanza kuulizwa tiketi yake ya ndege ni ya lini. Huku kocha Kirk Ferentz yupo tangu 1999. Mshahara wake mwaka huu wa 2022 ni dola milioni saba. Kocha wa mashambulizi msimu huu, haya mashambulizi ninayoyasema, ni Brian Ferentz, mtoto wake wa kumzaa. Ila msiseme vibaya, maana kwenye karatasi bosi wa Brian si baba yake, ni mkurugenzi wa michezo wa chuo. Karatasi huvumilia mengi.

Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Bukavu (tumejaa hapa, wao zaidi kuliko sisi), alipoelezwa habari hii aliweka boksi chini akapiga hesabu. "Miaka ishirini na tatu? Mobutu alikaa thelathini na mbili. Bado tisa." Akafikiri kidogo. "Na mtoto yuko ndani tayari? Ndugu yangu, hiyo sisi tumeshaiona."

Sasa, fundi.

Oktoba 22 timu ilikwenda kwa Ohio State ikapigwa 54–10. Tachidauni moja waliyopata ilifungwa na mlinzi aliyeokota mpira ulioanguka, mashambulizi yenyewe yakaambulia teke la pointi tatu. Petras akatolewa mapumziko, akaingia kwotabeki wa akiba, Alex Padilla, naye mambo yakawa yale yale. Jumatatu mji ukaamka na msiba. Na Jumanne, kwa bahati niliyopewa na Mungu, tanki langu la maji ya moto likazima.

Fundi alikuja na kofia ya timu, nyeusi na dhahabu. Nilipoiona ile kofia ningemrudishia mlangoni, lakini mama Neema alikuwa ameshaoga maji ya baridi asubuhi, na nyumba ilikuwa haina amani. Tukashuka naye chumba cha chini. Akafungua kifuniko cha tanki kwa bisibisi, akachomoa kile kifaa cha kuwashia moto pamoja na skrubu yake, akakitazama kwenye tochi, akaguna. Mpaka hapo dakika kumi na mbili. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kazi.

Ndipo jirani yangu akashuka ngazi kurudisha mashine yangu ya kutoboa ukuta. Ni mzee mmoja mstaafu, mpole, ana tiketi ya msimu tangu enzi za Hayden Fry, yule kocha aliyepaka rangi ya waridi chumba cha wageni cha kubadilishia nguo ili wapoe mapema. Mzee amevaa ile ovaroli yao ya mistari myeusi na dhahabu. Jumanne. Mechi Jumamosi.

Kofia ikaiona ovaroli. Mimi nikaiona saa ya ukutani.

"Umeona ule uchafu?" akasema fundi.

"Nimeuona," akasema mzee. "Lakini kijana tumwachie kocha."

Bisibisi ikawekwa chini. Nakuapia, ilitoa mlio.

Fundi akasema huyu kijana anaanza tangu 2020, anangojewa nini, mahari? Akasema mwaka jana alipoumia bega Padilla aliingia na timu ikashinda, halafu alipopona tu akarudishiwa kiti chake. Mzee akasema Petras anacheza vizuri mazoezini. Makocha wanamwona kila siku, sisi tunamwona Jumamosi tu. Fundi akasema basi wauze tiketi za Jumanne tukamwone anapocheza vizuri! Nikacheka. Kosa kubwa, maana wote wawili wakageuka na kunihesabu kuwa mjumbe.

"Wewe unaonaje?"

Nikasema naona maji ni ya baridi.

Haikusaidia kitu. Mzee akataka kunielewesha kuhusu ulinzi. Alitoa betri tano kwenye kopo langu la betri akazisimamisha sakafuni, mstari mmoja. Hao ndio majitu watano wanaosimama mbele ya kwotabeki. Nyuma yao anahitajika Petras. Fundi akatoa mfukoni ile skrubu ya tanki langu akaisimamisha kwa kichwa chake. Petras huyo. Kiatu cha theluji cha mwanangu kikawa beki wa Ohio State.

"Angalia," mzee akasema, akapiga magoti, na magoti yake yakalia. "Kwotabeki anahitaji sekunde tatu. Aangalie huyu wa kushoto amefunguka au hapana, aangalie wa kati, aangalie wa kulia. Sasa hawa vijana mwaka huu bado wabichi. Sekunde mbili tu, kiatu kimeshapita." Kiatu kikapita, betri mbili chini. "Atarusha nini hapo? Hata ungekuwa wewe."

Fundi akasema hapana, hata akipewa sekunde kumi anakodoa macho kwa mtu mmoja huyo huyo. Akataka kuonyesha kosa la Jumamosi, akasogeza betri, akakisukuma kiatu kwa upande wa pili, kwa hasira kidogo, hasira ya mtu aliyekosa usingizi. Kiatu kikampata Petras ubavuni. Petras akaruka, akadunda, akaviringika taratibu mbele ya macho yetu sita kwenye sakafu ambayo mwenye nyumba wa kwanza aliijenga kwa mteremko, akafika kwenye tundu la maji machafu, akasita pale ukingoni. Halafu akatumbukia.

Tukasikia *tiki*. Mbali sana.

Mzee ndiye aliyevunja ukimya. Akanyoosha kidole kwenye betri zilizolala. "Unaona sasa? Hakuwa na ulinzi."

Fundi akaingiza tochi kwenye tundu, akaingiza vidole, akaingiza sumaku. Hakuna. Ikabidi aende dukani kutafuta skrubu nyingine pamoja na kile kifaa cha kuwashia, na aliponiambia atarudi baada ya nusu saa, niliuliza kwa adabu kama nusu saa hiyo ni yangu au ni yake. Akanipigapiga begani.

Aliporudi nilijikaza nikamuuliza, fundi, hili tanki nililikuta humu wakati nanunua nyumba, kutu imelikaa hadi miguuni, si bora tuliondoe tuweke jipya? Akaligonga ubavu kwa kiganja, kwa mapenzi kabisa. Akasema hapana, tanki la namna hii hawalitengenezi tena. Limeizoea nyumba. Ukileta jipya utaanza kuhangaika na mabomba yote upya. Tulipe nafasi tu, likipata kifaa kizuri cha kuwashia litafanya kazi.

Juu ya ngazi mama Neema, ambaye nilidhani yuko jikoni, akasema kwa sauti ya wazi: "Baba Neema, hebu muulize huyo, yeye na kocha tofauti yao ni kofia?"

Fundi akauliza mama anasemaje. Nikasema anakusalimu. Kumweleza ilikuwa dola thelathini nyingine.

Moto ukawaka, nisimdhulumu mtu. Maji yakachemka siku nne. Jumamosi Petras akaanza tena dhidi ya Northwestern, na timu ikashinda 33–13. Thelathini na tatu! Mzee alipita mbele ya nyumba yangu na ovaroli yake akitembea polepole, kwa makusudi, na kila aliyekuwa barazani alimpa pongezi za kushinda. Kambi ya fundi nayo imekataa: wanasema Northwestern siyo timu, hata betri zangu zingewafunga. Hivyo kesi iko palepale ilipokuwa, ila mimi nimeilipia.

Na tanki leo asubuhi linanguruma. Halijazima. Linanguruma tu, linataka nilisikilize.

Nimempigia mdogo wangu Mbagala nimweleze haya, nikidhani nitapata pole ya ndugu. Amenisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kaka, kwa hiyo una nyumba yenye nyumba nyingine chini?" Nikajua hiyo simu inaelekea kwenye ada ya shule. Ikaelekea.

Halafu akakumbuka la muhimu: Kombe la Dunia, Qatar, Novemba 20. Huko kwenu saa ngapi? Nikamwambia usiniulize. Nimeshapiga hesabu: kwa saa za Iowa mechi za makundi zinaanza saa kumi alfajiri, saa moja, saa nne na saa saba mchana, yaani zote ziko ndani ya zamu yangu. Nimekwenda kwa msimamizi kuomba nihamishiwe usiku kwa wiki mbili tu, nimeshika kofia mkononi, nimesema tafadhali. Akaegemea kiti. Akasema tutaongea, lakini kwanza nimwambie, mimi niko upande gani, wa Petras au wa Padilla? Nikamtazama usoni nisome yeye yuko wapi, hakuna dalili, mezani kuna kikombe cha timu tu. Nikasema mimi niko na Tory Taylor.

Amesema atafikiria. Ratiba inatoka Ijumaa, na yule Mkongo ameomba siku zile zile.