Plagi ya Vespa Isomwe Barabarani, Si Mlangoni mwa Gereji

Hapa Unguja, Vespa ya zamani ikipelekwa gereji kwa kukosa nguvu, mara nyingi fundi hufungua shavu la kulia, yaani kifuniko cha pembeni, akachomoa plagi inayotoa cheche ya kuwasha petroli, na kuitazama ncha yake. Ikiwa nyeusi husema kabureta inamwaga mafuta, ikiwa nyeupe husema mafuta hayatoshi, na hapo hapo jeti, yaani kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, hubadilishwa. Kwa maoni yangu, huko ni kubahatisha, na anayelipa ni mwenye chombo.

Plagi ya Vespa iliyopita kwenye foleni ya Darajani, kisha ikaachwa sailensa, yaani ikinguruma polepole, mlangoni mwa gereji, inaeleza habari za jeti ndogo tu, ile ya mwendo wa polepole. Jeti kubwa ndiyo inayolisha injini mafuta yanapovutwa hadi mwisho, na huko ndiko injini hunoki, yaani pistoni hukwama kwa joto. Yangu ilinoki hivyo: fundi aliona plagi nyeusi, akashusha jeti kutoka 100 hadi 96, yaani tundu la milimita 1.00 likawa 0.96, na siku ya tatu pistoni ikakwaruzika upande wa ekzozi. Ikumbukwe kwamba katika injini hii oili huingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na ulainishaji.

Anayetaka kuijua jeti kubwa afunge plagi mpya, aende kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, avute mafuta hadi mwisho katika gia ya juu kwa kilomita moja hivi, kisha abane klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja, bila kuiacha ingurume hata kidogo. Plagi ifunguliwe pale pale kando ya barabara.

Ncha isimdanganye. Ile rangi ya kahawia tuliyofundishwa kuitafuta ni ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya leo huacha ncha nyeupe hata mchanganyiko ukiwa sawa. Habari ya kweli iko chini kabisa, pale kauri inapozama ndani ya chuma. Nilipoimulika tochi plagi yangu na kuichungulia kwa kioo cha kukuzia, niliona mkanda mwembamba wa masizi ya kahawia umeizunguka kauri kwenye shina, ilhali ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Mkanda huo ukikosekana, tundu la jeti kubwa ni dogo mno. Na vikionekana vitone vya kung'aa juu ya kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na safari isiendelee.

Mtu asiguse jeti kabla ya kuhakikisha kwamba gasketi na sili za krenki, yaani vizibo vya maungio ya injini, hazivuti hewa. Baada ya hapo aanze na jeti kubwa yenye namba ya juu kuliko inayohitajika, ashuke namba moja moja, na kila plagi aifunge katika karatasi yenye namba ya jeti iliyotumika.