Sarafu za Kirumi Hazikuomba Kung'arishwa

Nimeonyeshwa video ya bwana mmoja anayeloweka sarafu za Kirumi katika siki, kisha anazisugua kwa brashi ya waya mpaka zinang'aa, huku watazamaji wakimpongeza kwa kuzifufua. Kuzifufua! Sarafu zilizodumu ardhini kwa zaidi ya miaka 1,600 zimemalizwa kwa dakika chache, na aliyezimaliza anapigiwa makofi.

Wanaoonewa zaidi ni vijisarafu vya shaba nyeusi (bronzi) vya karne ya 4, kwa kuwa ni vingi na bei yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba sura na maandishi yake mara nyingi yamesalia katika ule utandu wa kijani au wa kahawia, si katika shaba iliyo chini yake, hivyo auondoaye utandu huondoa na maandishi. Chukua sarafu yenye askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani "utukufu wa jeshi". Bendera za vita zikiwa mbili baina yao, ni ya kati ya mwaka 330 na 335 hivi. Ikiwa moja, ni ya baadaye kidogo. Upande wa kichwa, CONSTANTINVS na CONSTANTIVS, yaani kaizari Konstantino na mwanawe Konstantio, hutofautiana kwa herufi N peke yake. Ikisuguliwa hiyo, hujui tena kama unamtazama baba au mwanawe. Chini ya mstari waliosimamia askari ndipo palipo na alama ya karakana iliyopiga sarafu: TRP ni Trier, SMAN ni Antiokia, SMALA ni Aleksandria. Alama hiyo iko ukingoni, na brashi huianza mapema. Juzuu ya 7 ya RIC (Roman Imperial Coinage), katalogi kuu ya sarafu za Kirumi, aliyoiandika Patrick Bruun mwaka 1966, imepangwa kwa karakana. Asiye na alama hiyo hana pa kuanzia.

Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza, Dave Crisp aligundua mtungi wa sarafu, akaacha kuchimba na kuwaita wanaakiolojia. Kwa kuwa sarafu zote 52,503 zilitolewa tabaka kwa tabaka, ilionekana kwamba nyingi za Carausius, kaizari aliyejitwalia utawala wa Britania mwishoni mwa karne ya 3, ambazo ni miongoni mwa zile mpya zaidi, zilikuwa chini ya za zamani. Kwa hiyo mtungi haukuwa ukijazwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mwenye pupa angezimwaga zote katika beseni.

Nakubali, shingo upande, kwamba udongo hauna budi kutoka. Maji yaliyokenekwa, kijiti cha mwanzi, lenzi na majuma ya subira vinatosha kwa sarafu nyingi. Nakubali pia kwamba madoa ya kijani kibichi yanayotoa unga ni ugonjwa unaoila shaba, nayo yanahitaji tiba ya haraka kwa mkono wa anayeijua kazi hiyo. Zaidi ya hapo sina msamaha, na wauzaji wanaoandika "imesafishwa" kana kwamba ni sifa, mimi huwapita bila kuuliza bei.