Queen's Park: ridhaa imeondoka, Hampden nayo imeondoka

Kwa miaka 152 Queen's Park ya Glasgow haikuwalipa wachezaji wake mshahara. Klabu hiyo, kongwe kuliko zote Uskoti, ilianzishwa Julai 9, 1867, na kaulimbiu yake ya Kilatini inasema mpira unachezwa kwa ajili ya mpira wenyewe. Novemba 2019 wanachama walipiga kura kuachana na soka la ridhaa. Mwaka mmoja kabla, walikuwa wameshakubali kukiuzia Chama cha Soka cha Uskoti uwanja wao, Hampden Park, kwa pauni milioni 5.

Wapo wanaouita huo usaliti, na siwabezi. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa, Novemba 30, 1872, wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka klabu hii. Hampden waliyoifungua mwaka 1903 iliingiza watu 149,415 mwaka 1937, Uskoti ilipokutana na England. Uwanja wa taifa zima ulikuwa mali ya klabu ya ridhaa!

Ila uwanja una gharama zake. Viti takriban 52,000, mashabiki mia kadhaa. Kilichoubeba ni kodi ya pango iliyolipwa na chama, na mkataba ulikuwa unaisha 2020 huku chama kikifikiria kuhamia Murrayfield, uwanja wa raga wa Edinburgh. Kingeondoka, gharama zote zingeiangukia klabu. Kuuza ilikuwa lazima.

Kuhusu mishahara, mimi niko upande wa wachezaji. Andy Robertson, aliyekuja kuwa nahodha wa Uskoti, aliichezea Queen's Park msimu wa 2012/13 huku akipokea simu ofisini Hampden. Agosti 2012 aliandika Twitter kwamba maisha ya umri ule bila hela hayana maana. Msimu ulipoisha akaenda Dundee United. Kumnyima kijana wa namna hiyo mshahara kwa jina la kaulimbiu si haki. Wala moyo wa kupigana haukufa: Februari 9, 2025 waliifunga Rangers, vigogo wa Glasgow, 1-0 kwao Ibrox katika Kombe la Uskoti, kipa Calum Ferrie akiokoa penalti ya James Tavernier dakika za nyongeza.

Kinachoniuma ni makazi. Lesser Hampden, uwanja mdogo wa jirani waliobaki nao, ulitakiwa uwe nyumbani kwao. Ujenzi ukachelewa, timu ikahamahama kwenye viwanja vya klabu nyingine: Firhill, kisha Ochilview, halafu ikarudi Hampden ileile, safari hii kama mpangaji.