Zabibu Mbichi si Zabibu za Mvinyo wa Povu

Kuna kauli inayozunguka sana kwa wakulima wa mizabibu katika maeneo ya baridi: mwaka ukiwa mbaya, jua likigoma, zabibu zipelekwe kwenye mvinyo wa povu. Eti huko uchachu ndio unaotakiwa, na mapovu yatafunika mengine. Siikubali hata kidogo. Gesi inapopanda ndani ya bilauri huzoa harufu zote na kuzileta puani, ya majani mabichi ikiwamo. Mvinyo mtulivu unaweza kuficha kasoro; wenye povu huitangaza.

Penye joto, sukari hupanda mbio na asidi huporomoka kabla zabibu haijapata ladha yake, hivyo mkulima hulazimika kuchuma mapema ili kuuwahi uchachu. Penye baridi, kama Champagne huko Ufaransa, kusini mwa Uingereza au kisiwa cha Tasmania, zabibu hukaa mtini muda mrefu, ladha ikakomaa huku asidi ingalipo. Hiyo ndiyo faida yote ya baridi. Anayechuma kabla ladha haijafika ameitupa, akabaki na gharama zake tu: jalidi ya masika inayoua machipukizi joto likishuka hadi kama nyuzi -2, mvua wakati wa maua, na ukungu.

Kwa aina za zabibu za Chardonnay, Pinot Noir na Meunier, shamba lililo tayari huonyesha sukari ya Brix 17.5 hadi 19 (Brix ni kipimo cha sukari ndani ya zabibu), asidi ya gramu 8 hadi 12 kwa lita, na pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka ukali ukizidi, ya 2.9 hadi 3.1. Kipimo kikisoma Brix 15 na asidi gramu 15, hapo hamna mvinyo bado. Ndiyo, sukari ya dukani inaweza kuongezwa kupandisha kilevi, na asidi inaweza kupunguzwa kwa bikaboneti, lakini hakuna mfuko wa unga unaoongeza ladha. Tafuna punje. Chardonnay ikiwa bado na ladha ya nyasi, ngoja. Ikianza kuleta limau na tofaa, tafuta vikapu. Kinachoweza kukufanya uchume kabla ya hapo ni ukungu wa kijivu tu. Ukungu huo huacha kimeng'enya kinachoharibu rangi, na pia huzitafuna protini zinazoshikilia povu. Kishada kilichooza kikatwe shambani, kisifike kwenye mashine.

Baada ya tarehe ya kuchuma, jambo linaloamua ubora kuliko yote ni ukamuaji, ingawa wengi huupita haraka ili wafike kwenye mapovu. Vishada vichumwe kwa mkono na viingie vizima, na vikonyo vyake, maana vikonyo hufungua njia za maji ya zabibu kupita bila kusaga maganda. Kanuni ya Champagne ni kilo 4,000 za zabibu kutoa lita 2,550 na si zaidi: 2,050 za kwanza ndizo bora, 500 zinazofuata hutengwa. Sababu huonekana kwenye mfereji wa mashine yenyewe. Maji ya mwanzo ni makali na safi. Kadiri unavyozidi kubana, potasiamu hutoka kwenye maganda, pH hupanda, rangi hukolea na uchungu huingia. Weka kikombe chini ya mfereji na uonje kila baada ya dakika chache. Ulimi hukuambia pa kukata mapema kuliko kipimo cha lita. Ukiona uchungu wa kulipia kiasi hicho cha maji yanayotengwa, kumbuka kwamba chupa hii itakaa miaka kabla ya kuuzwa, na kasoro nayo itakaa humo.

Mvinyo wa msingi, yaani ule usio na povu bado, utoke na kilevi cha asilimia 10 hadi 11, kwa kuwa uchachushaji wa pili, ule wa ndani ya chupa unaoleta povu, utaongeza kama 1.3. Kisha amua kuhusu asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, ambayo katika baridi huwa nyingi: ama bakteria waibadilishe yote kuwa laktiki, asidi iliyo laini zaidi, ama wazuiwe kabisa. Nusu nusu ni balaa. Wakiamka ndani ya chupa, mvinyo hutibuka na mashapo hunata kwenye kioo. Halafu upoze mvinyo hadi nyuzi -4 kwa wiki moja hivi ili chembe za tartari, yaani fuwele za asidi ya zabibu, zidondoke tangini. Zikidondokea kwenye chupa, kila chembe itakuwa chanzo cha mapovu, na mteja atapoteza theluthi ya mvinyo mezani siku ya kufungua.

Sasa sukari ya chupa. Gramu 4 kwa lita hutoa shinikizo la angahewa moja, kwa hiyo gramu 24 hutoa 6. Lakini pima kwanza sukari iliyobaki kwenye mvinyo wa msingi. Ukikuta gramu 4, unaongeza 20; kwa lita 1,000 hizo ni kilo 20, si 24. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyowasumbua watu wa Champagne kwa vizazi, chupa zikilipuka na wafanyakazi wakivaa vinyago vya chuma, hadi miaka ya 1830 mfamasia Jean-Baptiste François wa Châlons alipoonyesha jinsi ya kuipima.

Hamira isimwagwe ikiwa kavu. Itakuta kilevi, asidi kali, baridi na salfa ya kuhifadhi mvinyo kwa mpigo, nayo itakufa. Izoeshwe kwa siku tatu hadi tano: anza na maji ya vuguvugu na sukari, ongeza mvinyo kidogo kidogo, poza taratibu, mpaka iwe inachachusha mvinyo uleule kwenye joto la mahali chupa zitakapolala. Chupa nyingi zinazokwama kwenye angahewa 3, tamu na nzito, zilikwama kwa sababu mtu aliona uvivu siku hizo tatu. Salfa huru iwe chini ya miligramu 15 kwa lita, na ghala liwe nyuzi 12 hadi 15. Wiki sita mpaka nane zinatosha.

Kisha subira. Sheria ya Champagne inadai miezi 15, 12 kati yake juu ya hamira iliyokufa, na miaka mitatu kwa mvinyo wa zabibu za mavuno ya mwaka mmoja tu. Kwa mvinyo wenye asidi ya maeneo baridi, miezi 12 naiona haitoshi. Hamira inayovunjika ndiyo inayoleta ladha ya mkate na kuulainisha ukali, na kazi hiyo haiharakishwi kwa pesa.

Kuzungusha chupa ili mashapo yashukie shingoni ni kazi ya wiki nne hadi sita kwa mkono, au wiki moja kwa mashine. Kuyatoa kunahitaji chupa iliyopozwa vizuri na shingo iliyozamishwa kwenye kimiminika cha nyuzi -27 mpaka mashapo yagande. Chupa yenye joto itakurushia mvinyo usoni, basi.

Sukari ya mwisho, inayotiwa mashapo yakishatoka, ndiyo kichaka cha waliochuma mapema. Brut, daraja la mvinyo wa povu usio mtamu, huruhusu hadi gramu 12 kwa lita, na wapo wanaoanzia 12 hiyohiyo ili kuuzima uchachu. Mvinyo uliokomaa hujitosheleza na 6 au 8. Kwa chupa ya mililita 750, gramu 8 kwa lita ni gramu 6 za sukari, yaani mililita 10 za shira yenye gramu 600 kwa lita. Jaribu viwango vinne au vitano kwenye chupa chache, vipe mwezi mmoja, ndipo uonje bila kujua kipi ni kipi, kwa sababu sukari iliyotiwa leo bado haijashikana na mvinyo. Chupa zilizobaki zikishafungwa kizibo, zilaze angalau miezi mitatu kabla ya kuziuza, na kama umechagua kioo cheupe kwa ajili ya urembo, zifunike: mwanga wa taa za dukani huzitia harufu ya kabichi iliyochemshwa.