Tuwaachie Watoto Udongo

Mitaa mingi ya Dar es Salaam siku hizi, nyumba ikikamilika, kazi ya mwisho ni kupanga pavingi kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma. Mwembe ukibahatika kubakizwa, unaachiwa tundu la shina tu. Shule za awali nazo zimeshika mtindo huohuo, na sisi wazazi tunazisifu kwa usafi. Mimi naona tunawanyima watoto kitu ambacho miili yao inakihitaji.

Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina bakteria wasiohesabika, na wengi wao hawatudhuru. Kinga ya mwili hujifunza utotoni nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha apite, na hujifunza kwa kukutana na vijidudu vya kila aina. Watafiti wengi wanaamini kwamba kukosa mafunzo hayo ni mojawapo ya sababu za pumu na mizio kuongezeka mijini.

Finland walilijaribu jambo hili kwa watoto 75 wa miaka 3 hadi 5 katika vituo 10 vya kulelea watoto. Baadhi ya viwanja vilivyokuwa vitupu viliwekewa udongo wa msituni, nyasi na masanduku ya kupandia mimea, watoto wakacheza humo. Baada ya siku 28, bakteria wa ngozini mwao walikuwa wa aina nyingi zaidi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga inayojidhibiti vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Utafiti ulikuwa mdogo na haukupima magonjwa yenyewe, lakini mwezi mmoja tu kuleta badiliko hilo ni jambo la kutufikirisha.

Mzazi wa hapa atauliza kuhusu minyoo, na ana haki. Udongo wetu una minyoo wa safura wanaopenya kwenye nyayo, una pepopunda, na bonde kama la Msimbazi, linalopokea majitaka ya jiji, mimi simpeleki mtoto kuchezea. Kwa hiyo eneo lichaguliwe: mbali na shimo la choo, pasipofikiwa na mbwa wala paka. Mtoto avae viatu, anawe kwa sabuni, akamilishe chanjo, na dawa za minyoo zinapogawiwa shuleni asikose. Hayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kinachoniuma zaidi ni jembe kugeuzwa fimbo. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Leo shule ngapi humpa jembe mwanafunzi kwa sababu tu amechelewa? Anayejua udongo kama mahali wanapopelekwa wakosaji, siku akijenga kwake ataufunika wote, na sitamshangaa.

Wenye shule na wenye nyumba, pavingi nyingi zimepangwa juu ya mchanga tu, zinang'oleka. Ondoeni mistari michache kwenye kona, wekeni udongo mzuri na mboji iliyoiva, chomekeni vipande vya matembele. Hayana masharti mengi. Yakipata maji, baada ya wiki chache watoto wanachuma. Ndoo ya maji na sabuni ikae hapohapo, na asitumwe mtu bustanini kwa adhabu.