Mtutu mpya: usafishe kila baada ya risasi, au jasho lako liende kwenye maganda?

Ukiwasikiliza watu wa shabaha kule Marekani, hasa wale wa benchi ambao bunduki inalazwa kwenye mifuko ya mchanga na wanataka risasi tano zipite tundu moja kwa yadi 100, kuna ubishi hauishi: mtutu mpya uuzoeshe kwanza au uanze tu kupiga? Kuuzoesha maana yake unapiga risasi moja, unasafisha hadi shaba yote iliyobanduka kwenye kichwa cha risasi itoke ndani ya mtutu, unapiga nyingine, unasafisha tena, unaenda hivyo mara kadhaa halafu ndo unaanza kupiga tatu tatu kabla ya kusafisha. Siku nzima inaishia hapo, muda ambao ungeweza kuutumia kutengeneza maganda, yale yanayobeba baruti na ambayo watu hawa huyajaza upya wenyewe.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito na mi siidharau hata kidogo. Krieger, watengenezaji wa mitutu, wanaeleza kwamba mtutu mzuri umesuguliwa ndani kwa mkono, kwa hiyo mikwaruzo yake midogo inaelekea kule kule risasi inakoenda, lakini koo, yaani pale kichwa cha risasi kinapoanza kushika mifereji, linachongwa baadaye wakati fundi anakata chemba, yaani pale ganda linapokaa, na alama za chuma chake cha kukatia zinabaki zimekingama. Kichwa kikipita pale kinakwanguliwa, shaba inageuka mvuke kwenye ile gesi ya moto na kwenda kuganda mbele ndani ya mtutu. Ukisafisha mara kwa mara, koo linalainika bila shaba kurundikana juu ya shaba. Ingiza kamera nyembamba ya kuchungulia mtutu uone, zile alama za kukingama zipo kweli.

Upande wa pili kulikuwa na Gale McMillan, naye mtengenezaji wa mitutu mwenye jina kubwa, ambaye alipinga waziwazi na kusema hii ratiba inawafaidi wauza mitutu, maana kila risasi unayopiga inakula umri wa mtutu. Hapa inategemea unapiga nini. Mtutu wa .308 (hii na 6.5-284 ni aina za risasi) unaenda maelfu kadhaa ya risasi kwa hiyo hizo chache za mwanzo hazikuumizi, ila mtu wa 6.5-284 ambaye ubora wa mtutu wake unaanza kushuka baada ya risasi 1000 na kitu ana haki ya kuhesabu kila moja.

Shida yangu na pande zote mbili ni ushahidi. Mtutu unakuwa mpya mara moja tu, huwezi kuurudisha ukajaribu njia nyingine, na hata mitutu miwili ya fundi mmoja haifanani, sasa mtu akisema nimeuzoesha na unapiga vizuri utajuaje kama usingepiga vizuri bila hayo? Tena wengi wanaamua kwa kundi moja la risasi tatu, na risasi tatu hazithibitishi kitu.

Maganda ni tofauti kwa sababu yanapimika. Chukua 50 ya boksi moja, nusu uyatengeneze nusu uyaache, piga kwa mtutu uleule siku ileile, jibu unalipata. Ndo maana mi naona jasho liende huku, ila si kwa kila kitu. Kuchonga shingo ya ganda kwa mfano, yaani kuipunguza unene kwa nje. Kwenye 6mm PPC, risasi ya mashindano ya benchi iliyobuniwa na Palmisano na Pindell, iliyotoka 1975, chemba nyingi za mashindano zina shingo ya inchi 0.262 na hapo kuchonga ni lazima, maana shingo nene haina pa kupanukia, kichwa hakiachiwi na presha inapanda vibaya. Lakini kwenye chemba ya kiwandani ambayo imeshalegea, ukichonga unaongeza nafasi tu, shingo inatanuka na kubanwa kila mara na inapasuka mapema. Tundu la moto nalo, lile dogo linalopitisha cheche kutoka kwa fataki: likiwa limetobolewa kwa kupigwa linaacha ukingo ndani, kuutoa ni kazi ya sekunde chache na unaifanya mara moja tu kwa maisha ya ganda. Ila angalia, maganda ya kampuni ya Lapua ya .220 Russian, yale yanayotengenezewa 6mm PPC, yana tundu la milimita 1.5, ukiingiza kifaa cha milimita 2 ushalitanua. Urefu wa ganda hauna mjadala, shingo ndefu inabanwa na mwisho wa chemba, ni hatari.

Na kuna jambo ambalo wabishi wengi wanaliruka. Mtutu mpya mara nyingi unaongeza spidi kwenye risasi 100 hadi 200 za mwanzo halafu unatulia, na ganda jipya nalo bado halijachukua umbo la chemba, kwa hiyo ukianza kutafuta kipimo chako cha baruti wiki ya kwanza unafukuza vitu viwili vinavyohama kwa pamoja. Mi ningetumia risasi hizo hizo kuyapa maganda umbo huku mtutu unatulia, ukitaka kusafisha kila mara safisha, hujapoteza risasi hata moja. Wapo wanaoyapa umbo kwa mtutu wa zamani ili kuutunza mpya, na hiyo inakubalika kama chemba zote mbili zilikatwa na chuma kilekile cha kukatia, la sivyo ganda linakuja na umbo la chemba nyingine na itabidi ulipige upya kwenye hii mpya.